Deni la Mwanafunzi Aliyechoka

Iko insha moja iliyokaa katika mtoto wa meza yangu kwa muda wa miaka saba. Ina kurasa tisa, imeandikwa kwa mkono kwa wino wa buluu, na pembeni mwa ukurasa wa kwanza pana doa la mafuta ya taa. Haikupata alama, kwa kuwa mimi niliyekuwa mwalimu wa somo lile nilikataa kuisahihisha. Ilinifikia siku nne baada ya tarehe niliyoiweka. Msomaji aniwie radhi nikianza na habari yangu mwenyewe. Swali ninalotaka kulizungumza hapa sikulipata vitabuni, bali nimelipata katika mtoto wa meza ile.

Swali lenyewe ni hili. Mwanafunzi aliyeshindwa kutimiza kazi kwa wakati wake kwa sababu ya kuchoka, amefanya kosa la namna gani? Je, ni mvunja ahadi, naye astahili yale wanayostahili wavunja ahadi? Au ni mtu aliyezidiwa, naye astahili kuonewa huruma? Na ikiwa ni huruma, je, ni hisani ya mwalimu, akipenda huitoa na asipopenda huizuia, ama ni haki ya mwanafunzi ambayo mwalimu akiinyima huwa amedhulumu?

Mwenye insha ile alikuwa binti wa mwaka wa pili, katika chuo nilichokuwa nikifundisha fasihi mwaka 2011. Kwao ni kijiji kimoja cha pwani ya mashariki ya Unguja, na mama yake alikuwa mkulima wa mwani. Kilimo hicho kilianza kwetu mwaka 1989 katika vijiji vya upande ule, na wakulima wake wengi ni wanawake. Kazi ya mwani haifuati kalenda ya chuo, hufuata maji. Mbegu hufungwa kwenye kamba, kamba hufungwa kwenye vigingi vilivyochomekwa mchangani, na mwani hukua kwa wiki kadhaa kabla ya kuvunwa. Kupanda na kuvuna hufanywa siku za bamvua, maji yanapokupwa mbali na kuiacha pwani wazi. Likipita bamvua na mwani haujavunwa, mawimbi huukata ukachukuliwa na bahari, na aliyeupanda hana wa kumlalamikia.

Mama yake binti yule alishikwa na maradhi ya mgongo akawa hawezi kuinama. Kwa hiyo kila bamvua binti alipanda daladala akaenda kwao, akaingia baharini asubuhi, akatoka jua likiwa utosini, akaanika mwani, akapika, akawaogesha wadogo zake, na usiku akafungua daftari. Kisha akarudi mjini kuhudhuria masomo ya siku ya pili. Bamvua huja mara mbili kwa mwezi, kila mwezi mwandamo na kila mwezi mpevu, na mwalimu mwenye kuweka tarehe ya insha hatazami mwezi.

Hayo yote niliyajua baadaye. Wakati ule nilichokijua ni kwamba nina mwanafunzi mmoja asinziaye darasani. Siku moja nilisema mbele ya wenziwe kwamba mwenye usingizi akalale kwao. Darasa likacheka, naye akacheka pamoja nao. Baada ya wiki chache akaja ofisini kwangu na insha yake mkononi.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Tarehe ya insha ilikuwa lini?"

"Jumatatu, mwalimu."

"Na leo?"

"Leo Ijumaa."

"Una cheti cha daktari?"

"Sina."

Nikamwambia kwamba ahadi ni deni, na muda wa deni lake umekwisha pita. Hakubishana nami. Aliweka insha juu ya meza, akasema, "Samahani, mwalimu. Nilichoka," akatoka. Mimi neno lile nililiona jepesi. Nani asiyechoka? Mchukuzi wa bandarini huchoka, mvuvi huchoka, hata mwalimu mwenye kusahihisha insha mia huchoka. Niliichukua insha nikaitia katika mtoto wa meza, nikaendelea na kazi zangu kwa moyo mweupe, nikiamini kuwa nimetenda uadilifu.

Uadilifu ule ulianza kunitia shaka nilipokumbuka jambo lililotokea kabla yake. Wasomaji wa Unguja hawajasahau miezi mitatu ya giza, tangu Disemba 2009 mpaka Machi 2010, umeme uletwao kutoka Tanzania Bara kwa waya wa chini ya bahari ulipokatika kisiwa kizima. Maji yalikuwa taabu, vyakula viliharibika majumbani, na jenereta zilinguruma usiku na mchana kwa wenye uwezo wa kuzinunua. Katika miezi ile hakuna mwanafunzi wangu aliyelazimika kuomba muda. Mimi mwenyewe, bila ya kuombwa, niliwaongezea wote wiki mbili. Sikumwuliza yeyote cheti. Sikusema kwamba atakayechelewa atakuwa mvunja ahadi. Niliona ni jambo la wazi kabisa kwamba mtu asiye na taa hawezi kuandika usiku.

Sasa najiuliza. Giza lilipokuwa la kisiwa kizima niliwapa watu haki yao kabla hawajafungua midomo. Giza lilipokuwa la nyumba moja nilidai ushahidi. Je, taabu huwa ya kweli kwa kuwa imewapata wengi? Mgongo wa mama mmoja hautoki katika taarifa ya habari, lakini kwa binti mwenye kuubeba msiba ule, hiyo ndiyo dunia yake nzima iliyozimika. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Mimi nilikuwa naupima mzigo wake kwa bega langu, nikauona hauna uzito.

Tulirejee neno nililomtupia, yaani ahadi ni deni. Ni neno la kweli, wala sikusudii kulipinga. Mwalimu akiweka tarehe na mwanafunzi akaipokea, pana agano baina yao. Lakini nilipokuwa nikilitumia neno lile nilikuwa nimelitazama upande mmoja tu. Deni si jambo la mdaiwa peke yake. Mwenye kudai naye ana adabu zake, na mafundisho tuliyoyapokea watu wa pwani tangu tulipokuwa watoto chuoni yamezieleza adabu hizo kwa uwazi. Mdaiwa mwenye uwezo akichelewesha kulipa huwa amedhulumu. Mdaiwa mwenye dhiki hungojewa mpaka apate wasaa, na kumngojea huko kumeamrishwa, hakukuachwa kuwa tabia njema ya mwenye kupenda. Kwa hiyo mtu anaposema ahadi ni deni, hajalimaliza jambo. Ameufungua mlango wa swali la pili: je, huyu ameweza akakataa, ama ametaka akashindwa? Mimi sikuuliza swali hilo la pili. Niliuliza kama ana cheti.

Cheti kina kasoro yake. Daktari humwandikia mwenye homa, aliyevunjika mguu, aliyelazwa. Hamwandikii aliyechoka. Hata Shirika la Afya Duniani, lilipouingiza mwaka 2019 uchovu wa kupindukia wa kazini katika uainishaji wake wa kimataifa wa maradhi, lilitahadharisha kwamba hilo ni jambo litokanalo na kazi, wala lenyewe si ugonjwa. Basi mwanafunzi aliyechoka yuko katikati ya milango miwili. Si mzima wa kuandika, wala si mgonjwa wa kuandikiwa. Mwenye kudai cheti kwa mtu wa namna hiyo amemdai kitu ambacho ulimwengu hautoi, kisha akamhukumu kwa kukikosa.

Lugha yetu imeliona jambo hili kabla yetu. Waingereza wana neno lao la tarehe ya mwisho, na tafsiri yake ya neno kwa neno ni mstari wa kifo. Habari zake zinarudi mwaka 1864, katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, kwenye kambi ya mateka ya Andersonville huko Georgia. Ndani ya boma paliwekwa mpaka, na mateka aliyeuvuka alipigwa risasi na walinzi bila ya kuulizwa alikuwa akienda wapi. Kiswahili nacho kina neno la ajali, ambalo kwa asili yake ya Kiarabu ni muda uliopangwa, wa uhai au wa deni, nasi tumelizoea zaidi kwa maana ya mauti na ya msiba wa ghafla. Lakini tulipotafuta jina la kipindi cha masomo hatukuchukua ajali. Tulichukua muhula. Na muhula, kwa asili yake, ni nafasi apewayo mtu, ni kungojewa, ni kuachiwa pumzi kabla ya kudaiwa. Kila mwanafunzi aandikaye katika fomu yake "muhula wa kwanza" na "muhula wa pili" ameandika, bila ya kujua, kwamba amepewa nafasi. Sisi walimu ndio tulioligeuza jina hilo likawa kinyume chake.

Hapa wanafalsafa wana kanuni inayoweza kutusaidia kidogo. Immanuel Kant alishikilia kwamba wajibu hauwi wajibu ila juu ya lile liwezekanalo, na wanazuoni wetu walijadiliana kwa karne nyingi kuhusu taklifu ya jambo lisilowezwa. Lakini kanuni hiyo haimalizi shauri letu, na ni lazima tuseme kweli. Binti yule aliweza kuandika insha yake kwa wakati. Angaliuacha mwani uchukuliwe na maji, angaliwaacha wadogo zake walale na njaa, angalimwacha mama yake alipe deni la kamba kwa mgongo asiouweza, hapana shaka insha ingalikuwa mezani kwangu siku ya Jumatatu. Hakukosa uwezo. Alikuwa na madeni mawili ya kweli yaliyoiva siku moja, akalilipa moja na jingine akalichelewesha kwa siku nne.

Nadhani hapa ndipo penye kiini cha jambo. Tunapomtazama mwanafunzi aliyechelewa tunaona pengo tu, insha ambayo haipo. Hatuoni kilicholipwa badala yake. Wako waliolipa uvivu, hilo sikatai, na wengine wamelipa starehe. Lakini wengi wa waliochoka kweli wamechoka kwa kulipa mahali pengine. Yupo anayefanya kazi usiku katika hoteli ili apate ada. Yupo anayemwuguza baba. Yupo aliyekopa fedha za kusomea, na kila akiona alama zake zinashuka hukumbuka kwamba mkopo haushuki. Huyu anapofika mbele ya mwalimu akaambiwa ahadi ni deni, huwa hakuambiwa kitu kipya. Deni analijua kuliko amwambiaye.

Uchovu una ubaya wake mwingine ambao haumo katika umaskini wala katika homa. Humla mtu kile kile ambacho angekitumia kujitetea. Mwaka 1997 watafiti wawili, Drew Dawson na Kathryn Reid, walichapisha katika jarida la Nature uchunguzi ulioonyesha kwamba mtu akikaa macho saa 17 mfululizo, utendaji wake hushuka kiasi cha mtu mwenye asilimia 0.05 ya kileo katika damu. Katika nchi nyingi, mwenye kiasi hicho haruhusiwi kushika usukani. Basi tumfikirie aliyeamka alfajiri akaenda baharini, na saa nne za usiku yuko mbele ya karatasi. Tunamtaka apange maneno, apime hoja, na zaidi ya hayo atambue mwenyewe kwamba hataweza, ahesabu siku zilizobaki, atunge maneno ya adabu ya kumwomba mwalimu, na aje kuyasema kabla ya tarehe. Akili ifanyayo hesabu hiyo ndiyo iliyolala. Mwenye nguvu za kuomba muda mapema, kwa utaratibu na kwa maneno mazuri, mara nyingi ndiye asiyeuhitaji sana.

Atasema mtu: "Unafungua mlango ambao hutaweza kuufunga. Ukimpa huyu, kesho watakuja ishirini, na kumi na tano kati yao ni waongo. Na wale waliokesha wakaleta kazi kwa wakati umewalipa nini? Boti ya Dar es Salaam haimngoji mtu gatini. Chuo kisichomfundisha kijana kutunza wakati kinamdanganya."

Hoja hizi si za kupuuzwa, kwa kuwa mimi mwenyewe niliishi nazo miaka mingi. Ya boti ni kweli, lakini boti hubeba watu mia kadhaa wasiojuana, na nahodha hakuchukua ahadi ya kumlea hata mmoja wao. Mwalimu ameichukua. Zamani mtoto wa chuoni alisoma kwa ubao wake mwenyewe. Aliyehifadhi aliufuta akaandikiwa sehemu nyingine, na ambaye bado alirudia pale pale, na mwalimu alimsikiliza mmoja mmoja. Sitaki kupamba mambo ya kale, maana bakora ilikuwapo nayo ikichapa. Lakini mwalimu yule alijua ubao gani ni wa nani. Vyuo vikuu vilipofunguliwa kwetu, kuanzia mwaka 1998, madarasa yalikua, na tarehe moja kwa wote ikawa jambo lisiloepukika. Nami naikubali. Ila tujue tunachokikubali: tarehe moja kwa wote ni kipimo cha watu wasiojuana. Ni msaada kwa mwalimu asiyeweza kuwajua wanafunzi mia mbili. Haikuletwa ili aache kumjua yule mmoja aliyesimama mbele yake akasema amechoka.

Ama wale waliokesha wakaleta kwa wakati, haki yao ni kwamba mwenzao asipewe kitu cha bure. Hiyo ni haki kweli, na hapa ndipo muhula unapotofautiana na msamaha. Kumngojea mdaiwa si kumfutia deni. Insha iliyochelewa itaandikwa, itasomwa kwa ukali ule ule, na ikiwa mbovu itaanguka. Ikiwa chuo kina kanuni ya kupunguza alama kwa kila siku iliyopita, na zipunguzwe, maana hilo nalo ni bei inayojulikana na mtu anaweza kuilipa. Nililolifanya mimi halikuwa hilo. Mimi niliikataa fedha ya mdaiwa iliyokwisha letwa mlangoni, nikamwambia abaki na deni lake milele. Hakuna mwenye duka aliyefanya upuuzi wa namna hiyo.

Na waongo je? Watakuwapo. Mwalimu aliyekaa kazini miaka mingi ameshazika mabibi wengi wa wanafunzi ambao wako hai hadi leo. Lakini tupime hasara mbili. Nikimwamini mwongo, nimepoteza siku chache na nimeongopewa. Nikimkadhibisha mkweli, nimemfundisha kwamba kusema kweli hakuna faida. Hasara ya kwanza ni yangu, na ya pili ni yake. Mwenye madaraka akihofia zaidi hasara yake kuliko ya aliye chini yake, ajue kwamba hofu hiyo si uadilifu, hata ikiwa imevaa kanzu yake.

Nimesema sana juu ya mwalimu. Haki inataka niseme na juu ya mwanafunzi, kwa kuwa naye ana wajibu ambao uchovu haumwondolei. Wajibu huo ni kusema. Binti yule hakusema. Alikaa mbele yangu muhula mzima na mama yake mgonjwa, wala sikusikia neno. Nami najua kwa nini. Sisi watu wa visiwani tumelelewa katika stara. Mambo ya nyumba hayatoki nje. Mtu hula mkavu akajifuta mdomo kama aliyekula pilau. Ni tabia yenye heshima, na bila ya hiyo mitaa yetu ingejaa maneno. Lakini wale wale waliotufunza stara walituachia pia neno la kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Stara ni nguo, na nguo huvaliwa mbele ya watu. Mtu haendi nayo kwa tabibu akakataa kuifungua hata kidogo. Mwanafunzi anayeona siku zinamshinda na asiseme hata kwa mtu mmoja, amemnyima mwalimu nafasi ya kutenda haki. Kosa lake si kuchoka, wala si kuchelewa, bali ni kumwacha mwenziwe wa agano gizani.

Lakini wajibu wa kusema una mwenziwe, nao ni wajibu wa kujenga mahali pa kusemea. Nani atasema mbele ya mtu aliyemchekesha kwa usingizi wake? Mwalimu atakaye aambiwe hana budi ajulikane kwamba huweka amana. Haimpasi kudai siri zote. Inatosha auliza, "Je, kuna linalokuzuia?" na jibu likiwa "Naam, lipo," asimvue mtu nguo ili ahakikishe. Siku ngapi zitatosha, na kazi italetwa lini: hayo mawili ndiyo ya kuafikiana. Kwa njia hiyo stara ya mwanafunzi imebaki, na agano limerudi mahali pake.

Tuirejee insha ya binti yule. Mwisho wa mwaka, matokeo yalipokwisha pelekwa, nilikuwa nikipanga makaratasi nikaiona, nikaisoma. Ilikuwa juu ya Utendi wa Mwana Kupona, mada niliyoitoa mimi mwenyewe. Wanafunzi wote waliandika juu ya nasaha za mama kwa mwana, nami nilizoea kusoma hayo. Yeye aliandika juu ya mwanzo tu. Mwana Kupona binti Msham alitunga utendi ule mnamo mwaka 1858, mgonjwa, kwa ajili ya bintiye Mwana Hashima, na miaka michache baadaye akafariki. Binti yule aliona jambo ambalo mimi sikuliona katika miaka yote ya kuufundisha: kwamba utenzi huo, ambao pwani nzima inauheshimu, unaanza kwa udhuru. Mama anamweleza mwanawe kwamba maradhi yamemweka mwaka mzima, na kwa sababu hiyo amechelewa kumpa maneno yaliyompasa. Hakuficha, wala hakuona haya kumwambia mtoto wake kwamba mwili umemshinda. Na kwa kuwa alisema, mwana alikaa karibu akasikiliza.

Nilipomaliza kurasa zile tisa nilikaa kimya kwa muda. Nilitoka kwenda kumwulizia, nikaambiwa kwamba hakujiandikisha kwa mwaka wa tatu.

Miaka ilipita. Mwaka 2018 nilikutana naye Darajani, amemshika mtoto mkono. Alinijua kabla sijamjua.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo. Nafundisha maandalizi huko kwetu."

Nikamwambia kwamba insha yake ninayo. Akacheka. "Mpaka leo, mwalimu?"

"Mpaka leo. Nami nataka unisamehe."

"La, mwalimu. Kosa langu. Mimi sikusema."

"Nami sikuuliza."

Alinyamaza kidogo, akamwinamia mtoto akamfunga kifungo cha shati. Kisha akaniuliza, "Sasa umeshaisahihisha?"

Nikamwambia bado.

"Basi na wewe umechelewa, mwalimu," akasema, na safari hii tukacheka sote wawili.

Usiku ule niliitoa insha katika mtoto wa meza. Niliisoma tena tangu mwanzo, kalamu mkononi. Nilimsahihisha makosa matatu ya tahajia na moja la hoja, nikatia alama aliyostahili tangu mwaka 2011, na chini yake nikaandika tarehe ya siku ile, bila ya kuificha. Asubuhi niliitia katika bahasha nikampa dereva wa daladala iendayo kwao. Alama ile haikumfaa kitu, kwani hakuna chuo kitakachoipokea. Lakini deni lilikuwa langu, na nililipa nilipoweza. Yeye alinipa muhula wa miaka saba bila ya kunidai cheti.